Siku 60 zianze siku tunapoelewa: barua ya wazi kwa magavana, wabunge na wenye viwanda wa Marekani

Waheshimiwa magavana, waheshimiwa wabunge na maseneta mlioko Washington, na nyie wakurugenzi wa makampuni mnaokaa mezani kuamua kiwanda gani kibaki na kipi kifungwe,

Shikamooni wakubwa wangu.

Naandika kuhusu zile siku 60 ambazo sheria inataka mfanyakazi aonywe kabla kiwanda hakijafungwa, na naandika kwa Kiswahili, nimefanya makusudi. Kingereza changu ni cha kazini, kinatosha kumwambia supavaiza kisu hakikati au mkono umekufa ganzi, lakini haya ya leo nikiyasema kwa Kingereza yatatoka nusu nusu na mimi nataka yatoke yote. Nyie wakalimani mnao na hela ya kuwalipa mnayo, kwahiyo mkitaka kuisoma itasomeka. Na nyie ndugu zangu mnaoipitia hapa, mlioko Des Moines, Louisville, Dallas, Erie, Dayton na kote tulikotawanyikia, kama unamjua mbunge wa eneo lako au hata diwani tu, mfikishie, mtafsirie, mwambie kuna watu wanasubiri jibu.

Kampuni yetu siitaji wala mji siutaji, kuna watu bado wanafuatilia hela zao za mwisho na sitaki kumharibia mtu. Jueni tu ni kiwanda cha kuku, mji mdogo katikati ya nchi hii, mji ambao ukitoa kile kiwanda unabaki na shule, makanisa, Walmart moja na mahindi.

Ilikuwa Jumatano shifti ya pili, hatujamaliza hata saa moja tangu tuvae. Mimi natoa mifupa kwenye mapaja, kazi niliyoifanya miaka saba, kulia kisu kushoto glovu ya chuma, paja linakuja unaingiza ncha pembeni ya mfupa unavuta unageuza unatupa na jingine limeshafika. Ghafla laini ikasimama. Sasa mtu ambaye hajafanya kazi ya kuku hawezi kujua hilo ni jambo gani. Laini haisimami. Mtu akijikata anatolewa pembeni anaingizwa mwingine, mtu akibanwa na choo anasubiri mpaka apatikane wa kumshikia nafasi, wengine tumesimama pale na homa na misiba na mimba za miezi minane na laini inakwenda tu. Siku hiyo ikasimama yenyewe, kuku wamening'inia kule juu wanadondosha maji, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba nikasikia sauti ya mafeni ya baridi, maana siku zote mashine zinaizidi.

Wakatuita kantini. Mwanaume mmoja amevaa kofia ngumu mpya kabisa, haina hata mkwaruzo, akasoma karatasi kama dakika nne hivi. Dada wa HR akarudia kwa Kispanishi. Kikao kikaisha. Sisi Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wakaren wa kutoka Burma na wale Wahaiti tukabaki tunaangaliana. Kuna mama mmoja tulikaa naye kambi moja ya Nyarugusu kule Kigoma, miaka na miaka, akanigusa bega akaniuliza, amesema nini? Nikamwambia wanafunga.

Akauliza, "Wanafunga saa ngapi?"

Alidhani tumeruhusiwa kurudi nyumbani mapema. Mkono ulishaenda kwenye kamba za aproni, na usoni niliona amefurahi kidogo maana kaacha mtoto ana homa. Ikabidi nitafute namna ya kusema, kwasababu kwetu neno ni hilo hilo, duka linafungwa jioni, ofisi inafungwa Ijumaa, na kiwanda kinafungwa moja kwa moja. Nikamwambia mama, wanafunga kabisa, hawafungui tena. Akaniangalia, akaangalia yule mwenye kofia anatoka mlangoni, akakaa kwenye benchi akaanza kuzikunja zile glovu zake za pamba kama mtu anayekunja nguo za mtoto. Hakusema kitu mpaka shifti inaisha. Ndio, tulirudi kwenye laini, kuku waliokuwa wamening'inia ilibidi wamalizwe.

Waheshimiwa, hilo swali la saa ngapi ndilo linanifanya niandike. Kwasababu kwenye makaratasi yenu inaonekana yule mama alipewa taarifa siku ile, siku 60 zake zikaanza kuhesabiwa dakika ile ile, na kwa sheria kampuni ilikuwa imeshamaliza kazi yake.

Tulipewa bahasha kila mtu na jina lake, ndani karatasi mbili, Kingereza cha mawakili. Yeye alivyofika nyumbani akaiweka kwenye ule mfuko mweupe wa plastiki wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, ule tuliopanda nao ndege sote, pamoja na karatasi za chanjo na picha za pasipoti, kwa sababu kambini ndivyo tulivyofundishwa, karatasi yenye jina lako na sahihi ya mkubwa ni ya kutunza, ukiipoteza umepotea mwenyewe. Ikakaa humo siku 23. Kwamba kiwanda kinafungwa alikuwa anajua, nilishamwambia. Kitu ambacho hakujua, na mimi pia sikujua maana ya kwangu nilikuwa nimeielewa robo, ni kwamba mle ndani kuna tarehe yake ya mwisho ambayo sio sawa na yangu, kuna tarehe bima ya matibabu inakatika, na kuna mstari unasema ukiondoka kabla ya tarehe yako ile hela ya kuachishwa hupati. Shemeji yangu alipata kazi mji wa pili akaondoka zikiwa zimebaki siku 9. Hela yote ikaenda, na hakuna aliyemwambia. Alipouliza akaonyeshwa ule mstari kwa kidole.

Barua ya yule mama ilikuja kusomwa na binti yake wa miaka 11, Jumamosi, mezani jikoni. Nilikuwepo. Mtoto anasoma sentensi ya Kingereza anairudisha kwa Kiswahili, anasoma anarudisha, vizuri kabisa, mpaka akafika pale wanaposema kazi ya mama imeisha moja kwa moja na hakuna nafasi ya kurudishwa. Akanyamaza. Akamwangalia mama yake. Akaruka ule mstari akaendelea na unaofuata. Nikaona, na nadhani mama yake naye aliona.

Mimi sikulala siku ile. Wiki iliyofuata nikaenda maktaba ya mji, yule kijana wa pale akanisaidia kuitafuta hiyo sheria na kunielewesha pole pole. Inaitwa WARN, ya mwaka 1988. Fundi mmoja wa mashine kiwandani kwetu, mzee wa kizungu, alinipa historia yake maana baba yake alikuwa mfanyakazi wa chuma Youngstown, Ohio. Jumatatu ya tarehe 19 Septemba 1977 kampuni ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza inafunga kiwanda chake cha Campbell, watu kama 5,000 hawana kazi, bila kuonywa, na kule wanaiita Jumatatu Nyeusi mpaka leo. Kutoka siku ile mpaka nchi hii kukubali kwamba mtu aambiwe mapema ni miaka 11 ya mabishano, na hata ilipopita Rais Reagan hakuisaini, iliingia bila sahihi yake na kuanza kutumika Februari 1989. Kwahiyo hizi siku 60 naziheshimu, kuna watu walizipigania. Nasema tu zimebaki pale pale zilipoachwa mwaka 1988 wakati nchi na watu wanaosimama kwenye laini wamebadilika.

Sheria inasema kampuni yenye wafanyakazi 100 au zaidi wa muda wote, ikifunga sehemu ya kazi ikaondoa watu 50 na kuendelea, itoe taarifa ya maandishi siku 60 kabla, kwa wafanyakazi au chama chao, kwa jimbo, na kwa kiongozi wa mji. Sawa. Alafu kanuni za Wizara ya Kazi zinasema taarifa kwa mfanyakazi asiye na chama iandikwe kwa lugha inayoeleweka na wafanyakazi. Nilimwambia yule kijana wa maktaba anisomee tena hapo, akasoma tena. Lugha inayoeleweka. Yani tayari imeandikwa! Ila kila aliyeniambia namna inavyotumika anasema maana yake ni Kingereza chepesi, sio lazima kutafsiri. Na hata hicho chepesi sisi hatukukiona.

Na hapa ndo nawauliza wenye viwanda. Mlipotutaka mlitupata kwa lugha yetu. Kwetu kulikuwa na tangazo la kazi kwa Kiswahili limebandikwa kwenye duka la Mrundi, dola 300 kwa atakayemleta ndugu yake. Video ya usalama ya siku ya kwanza ilikuwa na Kiswahili. Bango la kunawa mikono lina Kiswahili mpaka leo lipo pale ukutani. Hela ya mkalimani wa kutuingiza ilikuwepo, ya kututoa ikakosekana?

Kuna tundu jingine kwenye hiyo sheria ambalo wengi hawalijui mpaka limuumize mtu. Kama kiwanda hakifungwi ila kinapunguza watu, basi taarifa inadaiwa wakiwa 500 au zaidi, au wakiwa kati ya 50 na 499 lakini wawe wamefika asilimia 33 ya wafanyakazi wote pale. Pigeni hesabu. Kiwanda cha watu 2,000 kikiondoa 400 hiyo ni asilimia 20, haifiki, basi watu 400 wanaweza kuambiwa Ijumaa jioni msije Jumatatu na hakuna aliyevunja sheria. Familia 400! Kwenye mji mdogo hiyo ni madarasa mangapi ya shule ya msingi.

Na ikivunjwa nani anaisimamia? Nilidhani Wizara ya Kazi. Hapana, Wizara inaelekeza tu, mwenye kudai anatakiwa atafute wakili mwenyewe aende mahakama ya shirikisho. Akishinda anaweza kulipwa mshahara wa siku alizonyimwa, zisizidi 60. Sasa mwambieni mtu aliyekaa kambini miaka 19, aliyefundishwa kwamba mbele ya ofisi unanyamaza usije ukafutwa kwenye orodha, kwamba aende akaishtaki kampuni ya Marekani. Haendi. Mnajua haendi.

Hata wenye Kingereza na chama chenye nguvu imewashinda. Kampuni ya malori ya Yellow, ya mwaka 1924, ilisimamisha kazi mwisho wa Julai 2023 na tarehe 6 Agosti ikaomba kufilisika, watu kama 30,000, wakiwemo madereva waliozaliwa humu humu, na hizo siku 60 wakaja kuzigombania mahakamani muda mrefu kampuni yenyewe imeshakuwa historia. Canton kule North Carolina kiwanda cha karatasi kilikuwepo tangu 1908, kikafungwa 2023, kazi 1,100 hivi. Mwaka 2025 ikawa zamu ya Georgia, kampuni ya International Paper ikafunga viwanda vyake vya Savannah na Riceboro. Karatasi, malori, magari, nyama, maduka, hakuna aliyesalimika, na ndo maana sitaki mtu aseme hii ni shida ya wakimbizi.

Lakini ngoja nikae kidogo kwenye nyama maana ndo naijua. Perry, Iowa, watu kama 8,000 tu mji mzima, Machi 2024 kampuni ya nyama ya Tyson wakatangaza wanafunga kiwanda cha nguruwe, wafanyakazi 1,276, na Juni kikafungwa. Novemba 2025 wakatangaza Lexington, Nebraska, kiwanda cha ng'ombe kilichofunguliwa 1990, wafanyakazi kama 3,200 kwenye mji wa watu 11,000 hivi, mwisho Januari 2026. Fikirieni hiyo, yani ukisimama barabarani Lexington ukahesabu watu wanne wanaopita, mmoja wao karibu kabisa yumo kwenye hiyo orodha, na hapo umehesabu vichanga na wazee. Tangazo lilitoka siku chache kabla ya sikukuu ya Thanksgiving, watoto wakiwa katikati ya mwaka wa shule, theluji ikiwa inakuja.

Sisemi kiwanda kisifungwe milele. Mimi nimetoka kwenye watu wa mifugo na mashamba, najua ng'ombe wakipungua wamepungua. Nimesoma kwamba Januari 2025 ng'ombe wa nchi hii walihesabiwa milioni 86.7, idadi ndogo kuliko zote tangu 1951, ukame umewafanya wafugaji wauze hadi majike. Kiwanda kikubwa hakiwezi kuchinja ng'ombe wasiokuwepo, hilo mtu yeyote wa kijijini kwetu angelielewa dakika moja ukimkalisha ukamweleza. Lakini tazameni, ng'ombe hawakupungua kwa siku 60. Mnahesabu mifugo kila Januari, mna wataalamu, mnajua miaka miwili kabla kwamba kuna viwanda vitazidi. Nyie mnapanga miaka miwili, sisi mnatupa miezi miwili.

Na hiyo miezi miwili nawaambia inavyokuwa ndani ya nyumba. Renti umesaini mwaka mzima, ukivunja unalipa. Gari umekopa, bila gari hakuna kazi nyingine maana kilicho karibu kiko maili 70. Bima ya kampuni inakatika, unaambiwa unaweza kuiendeleza miezi 18 kwa kuilipia mwenyewe yote na asilimia 2 juu, kwetu ilikuwa inazidi renti, au uingie soko la bima la serikali ndani ya siku 60 nyingine. Siku 60 kila mahali. Mtoto wa miaka 11 ndo anashika simu anasubiri muziki uishe ili aulizwe mapato ya wazazi wake.

Hela za kukosa kazi ndo zilitutoa jasho. Kuomba ni kwa kompyuta. Lazima upige picha ya uso na kitambulisho, mashine ikulinganishe. Sasa sisi wengi majina yetu yaliandikwa kambini na karani aliyekuwa na haraka, kwenye kadi ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii, jina la baba limekuwa la kwanza, kwenye leseni limegeuzwa, na tarehe za kuzaliwa karibu nusu ya kanisa letu ni Januari mosi kwasababu ndivyo walivyotuandikia tulipokuwa hatuna cheti. Mashine ikiona watu kumi wa anwani mbili wote wamezaliwa Januari mosi inadhani ni matapeli. Mzee mmoja wa kwetu alikataliwa mara tatu. Akaja na ile simu kwangu ameishika kwa mikono miwili, anasema mwanangu, hii inasema mimi sio mimi.

Na ukipita hapo, kila wiki unatakiwa uingie tena uthibitishe unatafuta kazi, ukisahau wiki moja hela ya wiki hiyo imekwenda. Na muda wenyewe unategemea umefukuzwa upande gani wa mpaka wa jimbo. Majimbo mengi ni wiki 26, Arkansas na Florida wiki 12, Iowa walipunguza mwaka 2022 hadi 16 ila kiwanda kikifungwa wanakupa 26, na hilo la mwisho ni zuri, wengine waige. Kazi ni ile ile, kisu ni kile kile, kuku ni yule yule, kwanini njaa ya Arkansas iwe fupi?

Alafu chakula. Sheria ile kubwa ya kodi na matumizi iliyosainiwa 4 Julai 2025 imewaondoa wakimbizi kwenye fudi stampu mpaka mtu awe na grini kadi. Kuna familia kwetu zimefika juzi juzi, maombi ya grini kadi yapo yanasubiri, baba alikuwa analipa kodi kila cheki. Kiwanda kimefungwa na mlango wa chakula nao umefungwa. Waheshimiwa wabunge, hili ni lenu, mliliweka nyie, na mnaweza kulitoa.

Jimbo lilituma watu, siwezi kukataa, walikuja na meza na vipeperushi na tabasamu. Wakasema tuandike wasifu wa kazi. Yule yule mzee akakaa na binti mmoja mpole sana, binti akamuuliza kwa mkalimani wa simu, una ujuzi gani? Mzee akasema sina ujuzi, mimi nakata tu. Miaka nane anafungua kuku mzima kwa mikato sita bila kugusa mfupa, vijana wapya wanaletwa kwake wafundishwe, anajua kunoa kisu kwa kukisikiliza, anasikia kinavyolia kwenye chuma ndo anajua kimekaa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba huo ni ujuzi. Karatasi ya yule binti ikabaki wazi pale.

Na walioumia sio sisi tu tuliokuwa kantini. Wafugaji wa kuku wa pale, wazungu wa siku nyingi, mabanda wamejenga kwa mikopo ya benki ya miaka mingi, vifaranga wanaletewa na kampuni, chakula kinaletwa na kampuni, kuku wanachukuliwa na kampuni. Kiwanda kikiisha banda halina kuku na benki haijui habari ya kuku. Mmoja alikuja kanisani kwetu, hakuwahi kuja kabla, akakaa nyuma. Baada ya ibada tukala naye ugali. Akatuambia banda lake lina urefu wa futi 500 na siku hizi akiingia anasikia hatua zake mwenyewe. Sijui kwanini tulikuwa hatujakaa pamoja siku zote zile, wakati kuku aliowalea yeye ndo mimi niliwakata.

Basi haya ndio tunayotaka, na tumeyakubaliana Jumapili tatu mfululizo.

Kwanza kabisa na juu ya yote, siku zianze kuhesabiwa pale mfanyakazi alipoambiwa kwa lugha yake, kwa maandishi na kwa mdomo, na akapewa nafasi ya kuuliza. Bungeni Washington mnaweza kuongeza mstari mmoja tu kwenye ile sheria ya WARN, kwamba lugha inayoeleweka ni ile ambayo kampuni yenyewe imekuwa ikiitumia kutuajiri na kutufundisha usalama. Kama mlinifundisha kunawa mikono kwa Kiswahili, niambieni kwaheri kwa Kiswahili. Hili haligharimu hata mshahara wa siku moja wa mkurugenzi, na wakurugenzi mnaweza kulianza kesho bila kusubiri sheria.

Pili, 60 ni chache. New York wameweka 90. New Jersey wameweka 90 na juu yake mshahara wa wiki moja kwa kila mwaka uliofanya kazi, kwa lazima, na viwanda havijakimbia vyote. Sisi tunaomba miezi sita kwa kiwanda kinachobeba mji, maana miezi sita mtoto anamaliza mwaka wa shule na mkataba wa nyumba unakaribia kuisha. Ile asilimia 33 ifutwe, watu 50 ni watu 50. Na Wizara ya Kazi ipewe meno iende yenyewe mahakamani, isituachie sisi.

Magavana, mashine zenu za kuomba hela za kukosa kazi ziwe na mtu. Mtu mmoja amekaa kiwandani siku za mwisho, na kompyuta, na mkalimani, mnapita mmoja mmoja kabla hamjatoka getini. Watu wote mnao mahali pamoja na vitambulisho shingoni, mnasubiri mpaka wametawanyika ndo muwatafute kwa simu? Hii ya Januari mosi pia ielezwe kwa waliotengeneza hiyo programu.

Na jengo lisiachwe kufa limefungwa kufuli ili tu mshindani asilipate. Dexter kule Missouri kiwanda cha kuku kilifungwa 2023, mwaka uliofuata Cal-Maine wa mayai wakalinunua. Sio kazi zote zilizorudi lakini taa zimewaka. Kama mji uliwasamehe kodi ili mje, mji uwe na neno jengo linapobaki tupu.

Yule mama saivi anaamka saa nane usiku anapanda gari la watu sita kwenda kiwanda kingine, maili 85, saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, barafu ikiwepo ni zaidi. Ile barua bado anayo kwenye mfuko wa IOM. Nilimwambia unaweza kuitupa sasa, akasema hapana, iache, siku moja kuna mtu atauliza.

Sisi tupo kila Jumapili baada ya ibada, saa saba mchana, ukumbi wa nyuma wa kanisa, viti vipo na chai ipo. Gavana au mbunge au mkurugenzi atakayetaka kuja atutumie neno kwa njia hii hii tutampa anwani. Aje na mkalimani wake. Watoto tumeshakubaliana siku hiyo watakuwa nje wanacheza.

Wenu,
mkata mapaja, shifti ya pili